Tope Kifuani mwa Yangeyange

Sebuleni kwangu hapa Moshi inaning'inia kalenda ambayo mwaka wake ulikwisha zamani. Sijaiondoa kwa sababu picha iliyo juu yake ni yangu, na kwa sababu ni picha mbaya. Wageni huisifu. Yangeyange mweupe pe amesimama katika maji matulivu, mguu mmoja kaunyanyua, na nyuma yake Kibo imejaa barafu. "Hapo uliweza," husema. Leo nataka niihukumu kama ambavyo ningeihukumu kazi ya mwenzangu, bila kujionea huruma.

Niliipiga Mabogini, kusini mwa mji, katika mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa kwa maji ya mito Rau na Njoro. Mradi huo ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na ndege wapendao maji hawakukawia kuyajua majaruba yake. Utawakuta korongo, kwarara, na vitwitwi wakikimbia juu ya matope. Anayetaka kuwapiga picha hana budi afike alfajiri, maana Kibo haichelewi kujifunika mawingu. Alale kifudifudi juu ya tuta, avumilie mbu, na asubiri ndege wamsahau.

Ndege mweupe ni mtihani. Kamera hupima maji meusi yaliyomzunguka, ikaingiza mwanga mwingi, na manyoya yake yote yakawa kama chokaa iliyomwagika. Inakupasa upunguze mwanga pale shambani, kisha nyumbani, kwenye kompyuta, uyainue maji taratibu mpaka yaonekane kama ulivyoyaona. Kazi hiyo sioni aibu nayo. Hata zamani, katika chumba cha giza, tulikinga mwanga kwa kiganja ili uso usiungue au shati lisipotee. Jicho la mtu huona mengi kuliko filamu, na kurekebisha mwanga ni kulirudishia jicho haki yake.

Lakini mimi sikuishia hapo. Juu ya jaruba lile palikuwa na kanda za kaseti zilizofungwa mitini toka tuta hadi tuta. Wakulima huzitandaza ili upepo uzivumishe na kuzimetesha, kweleakwelea waogope kushuka kwenye mpunga. Nilizifuta moja baada ya nyingine. Pembeni alikuwapo mtoto mwenye kombeo, kazi yake kufukuza ndege hao hao. Nikamfuta naye. Yangeyange alikuwa na tope kifuani, kwa kuwa huvuruga matope kwa mguu ili vyura na samaki wadogo watoke mafichoni. Nikamwosha. Halafu mlima. Lenzi ndefu inayomsogeza ndege huugeuza mlima kuwa ukungu, basi nikauondoa, nikapachika Kibo niliyokuwa nimeipiga katika slaidi mwaka 1992. Ilikaa vizuri sana. Hakuna aliyegundua mshono.

Aliyegundua ni mama mwenye jaruba. Nilimpelekea kalenda kama shukrani, maana ndiye aliyeniruhusu kulala juu ya matuta yake.

"Shikamoo mama. Nimekuletea shamba lako."

"Marahaba, mwanangu." Akaishika mbali na macho, akaitazama kwa muda. "Huyu ndege namfahamu. Mahali ndipo sipajui. Kanda zangu umezipeleka wapi?" Kisha akaweka kidole juu ya Kibo. "Na mlima huu ni wa wakati wanangu wako shule ya msingi."

Sikuwa na jibu. Mwanamke ambaye hajawahi kushika kamera alikuwa ameisoma picha yangu kuliko wote walioisifu, tena akaisoma kwa kuitazama tu. Wanasayansi waliolinganisha hali ya mwaka 1912 na ya mwaka 2007 walikuta kwamba asilimia 85 ya eneo lililokuwa na barafu Kilimanjaro halina barafu tena. Mama yule hakuhitaji hesabu hiyo. Huutazama mlima kila anapoinua mgongo kutoka kwenye mpunga. Mimi nilikuwa nimeirudisha barafu kwa kipanya cha kompyuta, nikaining'iniza katika kuta za watu, na chini yake maandishi yakitaja mwaka ambao haikuwapo.

Kuna atakayenijibu kwamba kila picha ni uchaguzi, na kwamba msanii ana ruhusa yake. Kweli. Nick Brandt, katika kitabu chake Across the Ravaged Land cha mwaka 2013, alionyesha ndege waliokufa na kukaushwa na magadi ya Ziwa Natron, heroe akiwa mmoja wao. Aliwaokota ufukweni, akawaweka kana kwamba wangali hai, akawapiga picha. Wala hakuficha, alieleza alivyofanya. Picha zile zina uzito wa msiba, nami nazistahi. Hata hivyo zilipoenea duniani, maelezo yake yalibaki nyuma. Watu wakaambiana kwamba Natron ni ziwa linalomgeuza jiwe kila kiumbe kinachoyagusa maji yake, ilhali ndilo ziwa ambalo heroe wadogo wa Afrika Mashariki hulitegemea kuliko yote kwa kutaga na kulea makinda. Brandt alisema kweli kwa mdomo, na bado picha zikasema jingine. Mimi sikusema kitu.

Somo nililolipata ni hili: maneno hudondoka njiani, picha huendelea na safari peke yake. Kwa hiyo ukweli wa mahali sharti uwe ndani ya picha yenyewe. Siku hizi nikikaa mbele ya kompyuta najiuliza swali moja tu: mwenye shamba akiiona, atapajua kwake? Mwanga nitaurekebisha. Kingo nitazikata. Lakini kilichokuwapo hakitoki, na kisichokuwapo hakiingii.

Nilirudi Mabogini msimu uliofuata. Nina picha nyingine sasa: kanda zinamemeteka, mtoto kainua kombeo, Kibo ni ukungu wenye weupe kidogo kileleni, na yangeyange kasimama katikati ya kazi za watu, akifanya ya kwake. Hakuna aliyeiomba kwa kalenda. Mama yule aliitazama mara moja tu, akacheka. "Haya," akasema, "hapa ni kwangu. Na huyo mtoto mvivu ni mjukuu wangu."

Tope kifuani mwa ndege nimeliacha.