Penseli, Futi na Nyumba ya Lamu

Mchoraji wa vipimo akiingia katika nyumba kongwe ya mawe pale Lamu, haanzi na futi. Hukaa kwanza kiwandani, yaani katika ua wa ndani, akitazama, kisha huchora chumba kizima kwa mkono mtupu, bila rula, kijaze ukurasa. Si lazima mchoro huo upendeze. Kazi yake ni kupokea namba. Wenye haraka huiruka hatua hii, na jioni hawajui namba ipi ni ya mlango na ipi ya dirisha.

Futi nayo ina adabu zake. Mmoja hushikilia sifuri kwenye pembe, mwenzake husoma kwa sauti kila ukingo anaoupita mpaka mwisho wa ukuta, futi haijainuliwa. Ukipima kipande kimoja kimoja na kujumlisha, kosa dogo huzaa jingine. Kisha hupimwa ulalo, pembe hadi pembe, maana vyumba hivi vilivyojengwa kwa jicho na kamba mara nyingi huenda upande. Bila ulalo, karatasi itainyoosha nyumba ambayo fundi hakuinyoosha.

Mimi hunivutia zaidi mkato. Ukiikata nyumba kwa penseli kutoka kiwandani, kupitia misana, zile kumbi ndefu nyembamba, hadi ndani, huna budi kuandika unene wa kila ukuta na kimo cha kila sakafu. Hapo ndipo unapogundua kuwa sakafu hupanda kidogo kidogo kadiri unavyoingia faraghani. Wembamba wa vyumba nao hujieleza: dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Unaweza kuipiga nyumba hiyo picha mia usiyajue haya. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndivyo hupima subira. Wapo wanaopima kimoja na kunakili vilivyobaki. Huo ni uvivu tu, kwani vilifinyangwa kwa chokaa na mkono wa mtu.

Peter Garlake alichapisha michoro ya misikiti na majumba ya pwani hii mwaka 1966. Usam Ghaidan akaandika juu ya mji wa Lamu katika miaka ya 1970. Kazi yao haijazeeka, maana vipimo vya namna hiyo bado vinahitajika. Beit al-Ajaib, nyumba kongwe ya Unguja iliyojengwa 1883, iliporomoka sehemu yake Desemba 2020, na anayejenga upya huuliza vipimo kabla ya saruji.

Kama kwenu kuna nyumba ya wazee, anza na chumba kimoja, na uandike tarehe pembeni mwa mchoro.