"Glean": kukusanya, kuokota au kudodosa?

Anayefasiri vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 hakosi kukutana na kitenzi cha Kiingereza "glean". Kamusi itamwambia ni kupata habari kidogo kidogo, huku na kule. Wengi wetu tunaandika "kukusanya habari", tunageuza ukurasa. Nadhani hapo kuna kitu kinapotea.

Asili ya neno hili ni shambani. Wavunaji wakishapita, maskini hufuata nyuma kuokota masuke yaliyosalia. Ndiyo kazi aliyoifanya Ruthu katika Biblia. Kwa Kiswahili, kuokota masazo. Na masazo yana mwenye shamba. "Kukusanya" hakumjui huyo mwenye shamba.

Mbona nang'ang'ania neno moja? Kwa sababu naandika nikiwa Isevya, na hapa Tabora neno hili lina kesi. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walifika mahali walipopaita Kaze, ndiyo Tabora yetu. Mwenyeji wao, Snay bin Amir, alikuwa mfanyabiashara Mwarabu aliyezijua njia za misafara. Burton alijua Kiarabu, wakaongea sana. Ramani ya wamisionari iliyosifika Ulaya wakati ule ilichora ziwa moja kubwa mno. Snay akawaeleza kuwa maziwa ni mbalimbali, na la kaskazini ni Nyanza. Mwaka 1858 Speke akalifuata, akaliona, akaliita Victoria. Burton alimshukuru Snay katika kitabu chake cha 1860, lakini shuleni tulikaririshwa jina la "mgunduzi" tu.

Haya, tufasiri. "Burton alikusanya habari Kaze": Snay hayumo. "Aliokota habari": balaa zaidi, maana mtaani ukiulizwa "hiyo umeiokota wapi?" ujue umeambiwa unaleta umbea. "Alimdodosa Snay": hapo yupo, tena ndani ya kitenzi chenyewe, katika ile -m-. Huwezi kudodosa hewa.

Najua kudodosa kuna harufu ya upekuzi, na hakufai kila mahali. Anayechambua barua za zamani hamdodosi mtu. Huyo na aokote masazo, ilimradi atutajie shamba ni la nani. Ila palipo na mtu aliyefungua kinywa akasema, mfasiri asimfute.