"Inajichaji yenyewe": hilo neno tulisome tena

Leo nachambua tangazo. Kwa miaka mingi Toyota na Lexus waliuza gari zao za ibridi huko Ulaya kwa kusema "zinajichaji zenyewe". Mwaka 2020 mamlaka ya kulinda wateja ya Norway ikasema maneno hayo yanapotosha. Mimi niko upande wa Norway.

Sababu ni fizikia ya sekondari tu. Toyota Prius ya kwanza, iliyotoka Japani 1997, haina prizi. Umeme wote unaoingia ndani ya betri ulianza kama esansi ndani ya tangi. Ukikanyaga freni, moteri ya umeme inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya mwendo kwenye betri. Lakini ule mwendo ulilipwa na nani? Na esansi. Gari inaokota makombo yaliyokuwa yanapotea kama joto la freni. Makombo hayo si kidogo, njo maana inakunywa kidogo mjini, kwenye simama-twende. Na ufundi wenyewe ni mzuri sana: gia za sayari zinaunganisha moteri ya esansi na moteri mbili za umeme, kompyuta inazigawia kazi. Mashini naisifu. Tangazo hapana.

Hata neno "ibridi" linaweka pamoja vitu visivyofanana. Ibridi ya volti 48 iko na moteri ndogo ya kusaidia tu. Kwa kawaida haiwezi kusukuma gari peke yake. Nissan e-Power, ya 2016, iko kinyume: magurudumu yanazungushwa na umeme tu, na moteri ya esansi kazi yake ni kuzalisha huo umeme. Kwetu batu wote banajua grupu inayonguruma nje ya duka. Iweke ndani ya gari, umeshaelewa e-Power.

Halafu kuna ibridi ya prizi. Betri yake ni kubwa, unaichaji nyumbani, kilometa makumi za kwanza unatembea bila kuchoma esansi. Kwenye karatasi njo mshindi. Lakini 2024 Tume ya Ulaya, ikitumia data zilizosomwa kwenye gari zenyewe, ilitangaza kwamba barabarani zinatoa kaboni dioksidi karibu mara 3.5 kuliko vipimo rasmi. Sababu kubwa: madereva hawachaji vile wapimaji walidhani. Na hao wako na umeme usiku kucha! Sisi wa delestaji je? Betri ikiisha, unabaki na gari ya esansi inayobeba mzigo.

Na huo mzigo unatuhusu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, nyingi kandokando ya Kolwezi. Si kila betri inaitumia, zile za chuma na fosfati hazina, lakini nyingi za litiamu ziko nayo. Mtu anayenunua ibridi ya prizi halafu haichaji kamwe, kobalti hiyo imetolewa ardhini, na vumbi lake, ili itembezwe tu.

Kwa hiyo muuzaji akikuletea "ibridi", muulize mambo mawili: iko na prizi? Na moteri ya esansi ikizimwa, inaenda kilometa ngapi? Akijibu kwamba inajichaji yenyewe, muulize tena lile la kwanza.