Tani Saba kwa Ua wa Tani Kumi na Sita

Kuagiza tripu moja ya mawe lilikuwa kosa, na sioni namna ya kulitetea. Mliopita barabara ya Litein tangu mvua zianze mmeuona ule ua mpya: mawe ya mtoni yamekaa mbalimbali kama meno ya kibogoyo, na udongo mwekundu unachungulia kila mahali. Ukingo wa zege umenyooka na mtaro una mwinamo mzuri. Hapo fundi apewe haki yake.

Tatizo ni kina. Ua una mita mraba 120. Fundi alizidisha kwa sentimita 4, akapata mita za ujazo 4.8. Kwa tani moja na nusu kila mita ya ujazo, jibu ni tani 7.2, yaani lori moja la tani saba. Hesabu imenyooka, ila ile 4 haikupaswa kuwepo. Mawe aliyoyachagua yana unene wa milimita 40, kwa hiyo alinunua safu moja tu, jiwe kando ya jiwe, na mawe ya mviringo hayazibi nafasi baina yake. Kina kisipungue mara mbili ya unene wa jiwe. Sentimita 8 zinataka mita za ujazo 9.6, sawa na tani 14.4. Ongeza asilimia 10 ya kuzama na kupotea, unakaribia tani 16.

Mzigo ulipomwagwa na upungufu ukaonekana, bado kulikuwa na njia. Angeagiza tripu nyingine, au angepunguza eneo. Angeweza hata kurudisha mzigo achukue kokoto za milimita 20, ambazo kwa kina cha sentimita 5 zingetaka tani 9 na ziada kidogo. Yeye akachukua reki, akatandaza kilichopo hadi ukingoni. Kericho mvua haina mchezo: matone hupiga udongo ulio wazi, tope hurukia mawe, mawe huzama. Na chini hakuna kitambaa cha kuyazuia.

Nimesema na nitasema tena: tripu si kipimo. Panda lorini, pima urefu, upana na kimo cha mzigo. Kwenye mteremko, laza tepu juu ya ardhi, usiivute hewani. Mteremko wa nyuzi 30 huongeza eneo kwa asilimia 15. Na sijui ni lini tutaacha kudharau fonolaiti, jiwe jeusi la Kericho yetu. Likivunjwa lina kona, na kona hushikana pale jiwe la mtoni linapobingirika.

Kupima kwanza si jambo geni hapa: wanyapara wa zamani wa mashamba ya chai walipigilia vigingi na kuvuta kamba kabla jembe halijagusa ardhi. Wala si kila mahali panataka mawe: Tom Grumbley, mkulima wa chai aliyeanzisha bustani ya miti ya Chagaik, aliacha nyasi zishuke hadi ukingo wa bwawa. Mteremko wetu unapenda nyasi.

Tani saba zilitosha takriban mita mraba 55 kwa kina kinachofaa. Fundi azikusanye, aziweke langoni na mbele ya mlango, na sehemu iliyobaki apande nyasi kabla mvua hazijakatika. Gharama yake ni vibarua wa siku chache, na mwenye ua asikubali kulipa salio kabla kazi hiyo haijafanyika.