ISTILAHI ZA MILA: JE, "MAIGIZO" LATOSHA?

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa vitabu vya mila na historia ni zile zihusuzo sherehe inayorudia jambo la kale. Mara nyingi sherehe hiyo huitwa "maigizo", na kisa chake "hadithi ya uongo". Tafsiri za namna hii zina kasoro moja kubwa: zatoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Na tuipime kasoro hiyo kwa mifano mitatu ya Kilimanjaro.

Kwanza, wazee wa Kichagga husimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kuomba moto kwa Kibo, hata Kibo akachoka na kumpiga kwa mchi. Ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimemeguka-meguka. Hiki ni kisasili. Chaeleza asili ya kitu, wala hakidai mwaka wala shahidi. Kukiita uongo ni kukidai deni kisilokopa.

Pili, Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani huko Old Moshi, Machi 2, 1900, pamoja na viongozi wengine. Hiyo ni tarihi. Masimulizi kwamba alikaa kitanzini saa saba kabla ya kukata roho ni kisakale, yaani sifa za shujaa zilizoota juu ya tukio la kweli. Watu wanaokusanyika hapo Machi 2 kumkumbuka hawaigizi, wanaadhimisha. Mwalimu akiyaita hayo "maigizo ya ngano", anadhoofisha, pasipo kujua, dai la jamaa za Meli wanaotaka kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani, kirudishwe.

Tatu, mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alizungumza katika Baraza la Kutunga Sheria juu ya kuwasha mwanga na kuuweka kileleni Kilimanjaro. Wakati huo ilikuwa tamathali tu. Uhuru ulipopatikana, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha mwenge kileleni. Tamathali ikawa tukio, na Mbio za Mwenge zikaligeuza tukio kuwa desturi ya taifa. Hapa neno lilitangulia tendo, na tendo likazaa sherehe. Kwa hiyo, kuwapo kwa sherehe peke yake hakuthibitishi wala hakukanushi kwamba jambo lilitokea.

Yafaa basi tutenganishe. Kwa upande wa visa: kisasili, kisakale na tarihi. Kwa upande wa matendo: "tambiko" liwe la kuwaelekea mizimu au Mungu, "maadhimisho" yawe ya tukio lenye tarehe, na "maigizo" yabaki jukwaani. Pale matini asilia isipobainisha, napendekeza "marudio ya kimila", kwani istilahi hiyo hailazimishi jibu.

Kazi ya kuamua kilichotokea ni ya mwanahistoria. Mfasiri asimwamulie kwa neno moja.