Utetezi wa "Sina Makosa"

Wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika mjini Nairobi mwaka 1978, wakaunda Les Wanyika, walitutolea "Sina Makosa", wimbo ambao sisi tuliolelewa na tungo za Lamu hatuna desturi ya kuuita shairi, kwa kuwa haushiki vina wala mizani. Hoja hiyo ni ya fani tu. Tukiutazama usemi wenyewe, mwimbaji anamkabili mwanamume mwenzake aliyekasirika, naye anajitetea kwa kumkumbusha kwamba kila mmoja wao ana mke nyumbani. Utetezi huo ndio unaomtia hatiani! Kejeli ya namna hii ni adimu katika tungo za mapenzi tuzisomeshazo. Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu alipojibizana na Muyaka wa Mombasa, kila upande ulisikika. Hapa mlalamikaji hapewi hata neno moja, na wake wale wawili (tusiwasahau) hawakuulizwa. Gitaa la rizimu la Omar Shabani, nalo, larudia mapigo yale yale bila ya kuhukumu. Msikilizaji hucheza, na kwa kucheza kwake amekwisha kumwachia huru mshtakiwa. Idara itahiniyo utenzi na kuuacha wimbo huu nje ya mtaala yafaa itueleze sababu yake.