Coraline: jinsi nyumba ya uongo ilivyojengwa ikapendeza kuliko ya kweli

Mwanzoni kabisa mwa filamu, mikono ya sindano inampasua mwanasesere wa kitambaa. Inamtoa vilivyomo tumboni, inamgeuza ndani nje, inamjaza upya na kumshona mpaka awe na sura ya msichana mwingine. Mtazamaji ameshaonywa. Hata hivyo, baada ya muda si mrefu mtazamaji huyohuyo anatamani msichana arudi kwa mwenye mikono hiyo. Henry Selick, mwongozaji wa Coraline (2009), hakulifanikisha hilo kwa hadithi peke yake. Alitumia mbao, uzi, taa, na kamera iliyosogezwa kwa kipimo kidogo mno.

Kisa chenyewe kinatokana na kitabu cha Neil Gaiman cha mwaka 2002. Coraline Jones amehamia na wazazi wake kwenye nyumba kongwe ya rangi ya waridi huko Oregon, Marekani. Baba na mama wanaandika katalogi ya bustani na hawana nafasi naye. Nyuma ya mlango mdogo ukutani anakuta nyumba ileile, na ndani yake kuna mama mwingine anayepika vizuri na baba mwingine anayemwimbia kwenye piano. Macho yao ni vifungo vyeusi. Akitaka kubaki, sharti naye ashonewe.

Tuanze na vyumba, kwa sababu ndivyo vinavyofanya kazi kubwa bila kuonekana. Hii ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya vikaragosi, wanaosogezwa kwa mkono na kupigwa picha mojamoja, kurekodiwa yote kwa teknolojia ya 3D. Sekunde moja ya filamu inahitaji fremu 24, na dakika moja fremu 1,440. Hapa kila fremu ilipigwa mara mbili. Mpigapicha mkuu, Pete Kozachik, alitumia kamera moja iliyopiga picha ya jicho la kushoto, ikasogea pembeni kidogo, ikapiga ya jicho la kulia, ndipo mhuishaji akakigusa tena kikaragosi.

Miaka hiyo 3D ilikuwa imerudi kwa kishindo, na filamu nyingi ziliitumia kumrushia mtazamaji vitu usoni. Selick aliipa kazi nyingine. Vyumba vya nyumba ya kweli vilijengwa kwa kubanwa: kina kimepunguzwa, sakafu imeinuka kuelekea nyuma, ukuta wa mwisho uko karibu kuliko unavyoonekana. Vyumba vya nyumba ya pili vilipewa kina kirefu. Jiko la kweli na jiko la uongo vimepangwa vifanane mbele ya kamera, lakini ukivaa miwani, la kwanza linakubana na la pili linakufungukia. Mtoto aliyesongwa na nyumba anapata mahali pa kupumua, na mwili wako unaipokea nafuu hiyo kabla akili haijauliza inatoka kwa nani. Sijaona filamu nyingine ya watoto iliyoitumia 3D kwa uaminifu kama huu.

Rangi zinafuata mkondo huohuo, kijivu na matope upande huu, dhahabu na zambarau upande wa pili, na hapo hakuna jipya sana. Kilicho kipya ni kwamba baadaye uzuri ule unaonyeshwa kikomo chake. Coraline anajaribu kuondoka kwa miguu, anapita bustanini na miti, miti inapungua, na mwishowe anatembea kwenye weupe mtupu mpaka anajikuta amerudi palepale alipotoka. Yule mama wa pili alitengeneza kiasi kilichohitajika kumvutia mtoto tu, na nje ya hapo hakuna kitu. Kwa mafundi wanaojenga kila jani kwa mkono, kuthubutu kuonyesha eneo ambalo halijajengwa ni uamuzi mkubwa, na ndio unaosema kwa uwazi zaidi upendo wa mama yule ulikuwa wa namna gani.

Sasa nyuso. Mwaka 1993 Selick aliongoza The Nightmare Before Christmas, ambamo mhusika mkuu, Jack, alikuwa na vichwa vya kubadilisha vipatavyo 400. Kwa Coraline, studio ya Laika ilichapa nyuso kwa printa za 3D, jambo ambalo halikuwahi kufanywa katika filamu ndefu ya aina hii. Kila uso uligawanywa vipande viwili, paji na nyusi juu, mdomo chini, vikashikwa kwa sumaku na kupakwa rangi kwa mkono. Kwa kuoanisha vipande hivyo, Coraline alipata uwezekano wa sura zaidi ya 200,000. Mstari wa kiungo ulifutwa baadaye kwa kompyuta. Mwaka 2016 Brian McLean na Martin Meunier walipewa tuzo ya ufundi ya Academy, watoaji wa Oscar, kwa kazi hiyo.

Baada ya kupata uwezo wote huo, Selick aliwanyima nusu ya wahusika wake macho. Mhuishaji yeyote hutafuta uhai wa kikaragosi machoni kwanza. Kifungo hakiangalii kushoto wala kulia, hakilowi, hakisinzii. Mama wa pili anaigiza kwa nyusi, mdomo, shingo, na mng'ao wa taa unaoteleza juu ya vile vifungo. Tazama sasa wazazi wa kweli. Wana macho, tena mazima, lakini yamekazwa kwenye kompyuta. Mtoto anaongea na mgongo. Wenye macho hawamtazami, na asiye na macho hamwondolei uso hata kidogo. Jeraha la familia hii limewekwa wazi namna hiyo, na hakuna mhusika aliyehitaji kulieleza.

Masimulizi yetu yana mazimwi na mama wa kambo, na tunaambiwa kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Filamu hii inaligeuza fundisho hilo. Mama wa pili amempeleleza Coraline kwa yule mwanasesere, anajua anachopenda kula na anachokasirikia, na kadiri anavyomjua ndivyo anavyotaka kummaliza. Nguo nazo zinasema. Althea Crome alifuma sweta na glavu za kikaragosi kwa sindano nyembamba mno. Sweta ya nyota inatolewa upesi na mama wa uongo, kama chambo. Glavu za rangi, ambazo mama wa kweli alikataa kununua dukani, zinakuja baadaye, zimewekwa kitandani bila maneno mengi. Fundi alitumia uangalifu uleule kwa zote mbili, na tofauti imebaki kwenye nia ya anayetoa.

Nina shaka na jambo moja. Wybie, mvulana jirani, hayumo kitabuni. Aliongezwa ili Coraline awe na mtu wa kuzungumza naye, na kwa sehemu kubwa anafaa. Lakini pale kisimani, mkono wa sindano unapomfuata Coraline, Wybie anatokea na baiskeli kuokoa. Kitabuni msichana anautega mkono ule peke yake, kwa akili yake. Hapo filamu imempunguzia ushindi wake bila sababu ya kutosha.

Haijampunguzia, hata hivyo, lililo zito kuliko yote. Coraline anawaokoa wazazi wake walipotekwa, na wakirudi hawakumbuki chochote. Hapati hata shukrani. Wengi wetu tunaitazama kwenye runinga bila miwani, na sehemu ya kazi ya Kozachik inapotea, lakini sehemu kubwa bado inaonekana. Kaa na mtoto wako mnapoitazama, kwa kuwa inatisha kweli, kisha uirudie peke yako na kuisimamisha kwenye mlo wa kwanza wa kila nyumba. Utazame sakafu kabla ya sahani.